KARANGA ZA NACHINGWEA NA MIKOROSHO YA KIEGEI
Habari za kusini mwa Bara, na mafunzo yake kwa wenye mikarafuu

Na Katibu wa Chama



Mnajua kwamba katika Mkutano Mkuu ujao litaletwa shauri kubwa. Wamefika watu barazani kwetu na pendekezo la kufyeka mashamba ya mikarafuu mizee kwa mitambo, shamba zima kwa mara moja, na kupanda miche mipya kwa fedha za mkopo. Mkopo huo utalipwa kwa mavuno yatakayokuja. Kamati imewasikiliza kwa heshima, ikawaambia kwamba jambo hili si la Kamati peke yake, bali ni la wanachama wote.

Kabla ya siku hiyo nimeona yafaa tusome habari za mahali ambapo jambo la namna hii limekwisha kufanywa, kwa fedha nyingi kuliko zetu na kwa mitambo mikubwa kuliko tutakayoiona sisi. Mahali penyewe hapako mbali. Ni kusini mwa Tanzania Bara, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Sikusudii kumvunja mtu moyo wala kumsifu mtu. Mwenye macho haambiwi tazama.

NCHI YENYEWE

Ukitoka pwani ya Mtwara au Lindi ukaelekea magharibi, unaiacha minazi nyuma yako na kuingia katika nchi ya miombo na mikorosho. Nachingwea ndio mji, na Ruangwa iko upande wa kaskazini yake. Kiegei ni kata ya wilaya hiyo ya Nachingwea, na maisha ya watu wake ni jembe. Wenyeji wa nchi ile ni Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Hulima mahindi, mtama na muhogo kwa chakula. Na kwa fedha hulima korosho, ufuta, mbaazi na karanga.

Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Sisi visiwani tuna masika na tuna vuli. Wao wana msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwisho wa mwaka na kwisha kama mwezi wa Aprili. Mvua ikiwakosa hawana ya pili ya kuingojea. Mwenyeji analijua hilo tangu utoto, na ndiyo maana hapandi kitu kimoja tu shambani mwake. Mtama ukishindwa, muhogo upo chini ya ardhi.

KARANGA ZA MAMILIONI YA PAUNI

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia yaligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkurugenzi wa Kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba Afrika ya Mashariki ilimwe karanga kwa mashine, nyingi za kuishibisha nchi yake.

Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu kuja kutazama, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, safari nyingi kwa ndege. Wakarudi na taarifa iliyowafurahisha wakubwa. Zifyekwe eka milioni 3.21, zigawanywe mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, na sehemu kubwa ya hayo iwe katika Jimbo la Kusini. Yaliyosalia yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama zilikisiwa kuwa kama pauni milioni 25 kwa miaka sita.

Mwanachama mwenye eka tatu na atie hesabu. Shamba moja tu katika hayo 107 ni sawa na eka tatu mara elfu kumi.

Kusini ndiko kulikosifiwa zaidi, lakini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu. Kwa hiyo mwaka 1947 kazi ikaanzwa kwanza Kongwa, upande wa Dodoma, kwa kuwa Reli ya Kati ilikuwa karibu. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, basi yakanunuliwa mabaki ya jeshi kutoka visiwa vya Philippines, na mengi yalifika yamekwisha kuchoka. Hata vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama eka 7,500.

Mwaka 1948 kazi ikachukuliwa na shirika jipya la Serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation, na Nachingwea ikapata zamu yake. Ikajengwa reli kutoka pwani kwenda ndani ya msitu, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Zikajengwa nyumba, karakana na uwanja wa ndege. Msitu wa kule ulikuwa mnene kuliko wa Kongwa, na mizizi iliyobaki chini baada ya mti kung'olewa ilikuwa kazi nyingine tena, maana jembe la trekta haliwezi kupita penye mizizi.

Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umeachwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile zilizonunuliwa kuwa mbegu.

SABABU ZA KUANGUKA

Watu wengi huisimulia habari hii kwa kucheka. Mimi naona tusicheke upesi, kwa sababu walioianzisha hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa elimu, wenye fedha na haja ya kweli. Yaliyowaangusha ni mambo matatu, na yote matatu yanaweza kumwangusha mtu yeyote.

Kwanza, hawakujaribu kidogo kabla ya kufanya kingi. Udongo wa Kongwa ukipata mvua hulainika, ukikauka huwa mgumu kama saruji. Na aliyepata kulima karanga anajua tabia yake. Ua likisha kupita, kikonyo huinama na kujichimbia ardhini, na punje hukua humo gizani. Udongo ukiwa mgumu kikonyo hakiingii. Na zilizokwisha kuingia hazing'oki wakati wa kuvuna. Jambo hilo lingejulikana kwa eka kumi na misimu miwili. Walilijua baada ya maelfu ya eka.

Pili, hawakukaa na wenyeji wakawauliza. Mtu aliye juu ya ndege huona msitu wa kijani akasema hapa pana rutuba. Mzee wa kijiji angalimwambia mwaka gani mvua ilikatika Februari, na kwa nini babu zake hawakulima upande ule.

Tatu, walioamua hawakuwa wao watakaopata hasara. Fedha zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, na ardhi ilikuwa ya watu wa Tanganyika. Aliyeandika hesabu hakuwa na shamba lake la kupoteza. Mtu akicheza kwa mali ya mwenziwe mkono wake huwa mwepesi.

KILICHOSALIA

Tuwe waadilifu, si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara, iliyokamilika mwaka 1954, ipo mpaka leo na ndiyo mlango wa korosho za kusini. Reli haikupata mzigo wa kuilisha, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea yenyewe baadaye ikawa kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO, jambo ambalo hakuna mpangaji wa karanga aliyeliota.

Na karanga nazo hazikuwa na kosa. Mkulima mdogo wa Nachingwea anazilima hata sasa, kipande kidogo, pamoja na mazao mengine. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimetoa mbegu zinazofaa udongo na mvua za huko. Mojawapo ni aina iitwayo Pendo, iliyotolewa mwaka 1998. Kwa hiyo mmea uliokataa eka 30,000 umekubali nusu eka ya mtu anayejua pake.

MKOROSHO MMOJA MMOJA

Sasa tutazame upande wa pili wa habari. Mti unaoilisha kusini leo haukuja kwa mpango wa mamilioni. Mkorosho ni mgeni kama mkarafuu wetu. Wareno waliuleta pwani hii kutoka Brazili katika karne ya 16, kama vile karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Ukaenea polepole. Mkulima alipanda mikorosho michache katikati ya muhogo, akala muhogo huku akingoja mti ukue. Mwaka wa pili akaongeza mingine. Hivyo ndivyo kusini ilivyojaa mikorosho, shamba kwa shamba, bila ya kifaru hata kimoja.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Halafu mambo yakageuka. Katika miaka hiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na mikorosho ya wengi ikabaki mbali na nyumba zao mpya. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Ukaingia na ugonjwa wa ubwiri unga, unaonyausha maua kabla hayajafunga. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000.

Lakini mti ulioachwa haukufa wote. Ulizongwa na msitu ukangoja. Dawa ya salfa ilipopatikana, miche bora ilipotoka Naliendele, na bei ilipotia moyo, wenyewe walirudi, wakapalilia, wakapogoa, wakajaza mapengo. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 313,000, na msimu wa 2024/25 yalipita tani 500,000. Sehemu kubwa kabisa ya mzigo huo ni kazi ya wakulima wadogo wa mikoa ya kusini, watu wa namna ya hao wa Kiegei.

Sisi pia tunalijua jambo hili katika nafsi zetu. Tufani ya mwaka 1872 iliilaza mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Waliorudisha mashamba ya Unguja walipanda tena mche mmoja mmoja. Na ule ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, uliowahangaisha wataalamu katika miaka ya 1950, ulitufundisha kwamba si vyema shamba zima kuwa la rika moja la miti.

KUUZA PAMOJA

Tangu msimu wa 2007/08 korosho za kusini zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, unapimwa na kuandikwa, kisha unakwenda ghalani, na wanunuzi wanashindana bei mnadani. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vina chama chao kikuu kiitwacho RUNALI, jina lililotokana na wilaya hizo tatu.

Kabla ya utaratibu huo, na hata sasa kwa kificho, adui mkubwa alikuwa kangomba. Kangomba ni biashara ya mtu kuja na bakuli lake wakati wa njaa, akanunua korosho kwa bei ya kutupa kwa mkulima mwenye mtoto mgonjwa au ada ya skuli. Nasi tunaye ndugu yake kangomba, maana wapo wanaouza mavuno yangali juu ya mti. Utaratibu wa kuuza pamoja haukumaliza shida zote, maana malipo huchelewa na makato hulalamikiwa. Lakini mizani iliyo mbele ya watu ni bora kuliko bakuli la gizani.

BEI INAKAA NG'AMBO

Pamoja na hayo, iko shida ambayo jembe haliiondoi. Mwezi wa Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi, iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje. Bei kusini mwa Tanzania ikaanguka vibaya, na mkulima aliyekuwa amefurahia msimu uliotangulia akabaki na magunia. Hakukosea kupalilia wala kuanika. Uamuzi ulifanywa New Delhi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya korosho. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza. Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapelekwa kuzisomba. Wengi walishukuru bei, na wengi walingoja malipo kwa muda mrefu.

Wazee wetu hawatashangaa. Mwaka 1937, wakati biashara ya kusafirisha karafuu ilipowekwa mikononi mwa Chama cha Wenye Mikarafuu cha zama zile, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na wenzao wa Bara Hindi walizisusia karafuu zetu, mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Na Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake ikajitosheleza katika miaka ya 1980, bei yetu ikashuka.

Korosho nyingi za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwa huko. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangulia, na Nachingwea ilipata chake. Lakini korosho zilipopungua vikasimama, na baadhi vikageuzwa maghala. Kiwanda bila ya shamba ni ukuta tu, na shamba bila ya kiwanda ni kumfanyia kazi mwingine. Sisi tunacho kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo kisiwani Pemba. Ni kitu kidogo machoni pa wengine, lakini kinageuza takataka ya mti kuwa fedha. Tukijue thamani yake.

UTAJIRI ULIO CHINI YA ARDHI

Siku hizi ukitaja Ruangwa na Nachingwea, wageni hawaulizi tena karanga. Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayotakiwa kwa kutengeneza betri za magari ya umeme. Katika wilaya ya Nachingwea, kwenye kilima cha Ntaka, kumepatikana nikeli. Hiyo ni neema, na tunawaombea ndugu zetu waifaidi.

Ila neema ya chini ya ardhi nayo ina hesabu zake. Kampuni za kigeni zilizokuwa na leseni ya Ntaka zilipoteza haki hiyo baada ya sheria za madini kubadilishwa mwaka 2017, zikaishitaki Tanzania mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi. Julai 2023 baraza likaamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 90. Nchi ikalipa fedha hizo, na nikeli yenyewe haijatoka ardhini. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Nataka tuone tu kwamba karatasi ya mkataba ina nguvu kuliko trekta, na yafaa isomwe kabla ya wino.

MASWALI YA KUCHUKUA MKUTANONI

Narudi kwenye shauri letu. Mikarafuu yetu mingi imezeeka, hilo hatubishani. Kupanda upya ni wajibu, na anayetaka tuendelee kuchuma bila ya kupanda anawadhulumu wajukuu. Swali ni namna ya kupanda. Naomba kila mwanachama aje na maswali manne.

1. Ni wapi katika visiwa hivi mpango huu umejaribiwa, kwa udongo kama wetu, na tunaweza kwenda kuuona?

2. Mche wa mkarafuu hauzai kabla ya miaka sita hivi, na mavuno mazuri huchukua zaidi. Ikiwa mti mzee umekwisha kung'olewa, mwanachama atakula nini na atalipa mkopo kwa nini katika miaka hiyo?

3. Miche ikifa kwa jua au kwa mchwa, hasara ni ya nani? Jibu liwe limeandikwa, kwa Kiswahili, katika karatasi ile ile itakayotiwa sahihi.

4. Bei ikianguka ng'ambo, mkopo nao utashuka, au utabaki pale pale?

Ikiwa wageni wetu watatoa majibu mazuri, tutawashukuru na tutaanza pamoja nao. Lakini hata hivyo Kamati itapendekeza njia hii. Kwanza, tupande vitalu vyetu wenyewe katika kila tawi. Pili, kila mwanachama ajaze mapengo na kubadilisha sehemu ndogo ya mikarafuu mizee kila mwaka, huku mingine ikiendelea kuzaa, na chini ya miche apande ndizi na muhogo, kivuli na chakula. Tatu, kama mitambo inatakiwa kujaribiwa, ijaribiwe katika shamba moja dogo litakalochaguliwa na Mkutano, kwa misimu miwili, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Njia hii ni ya polepole na haina picha nzuri za kuonyesha. Ndiyo njia iliyoijaza kusini mikorosho. Wale waliokuja Kongwa na Nachingwea na pauni milioni 36 waliondoka. Mkulima wa Kiegei bado yupo shambani kwake, na mwaka huu pia atavuna, Mungu akipenda.

Tafadhali wanachama mhudhurie kwa wingi. Asiyeweza kufika na ampe mwenziwe maswali yake yaliyoandikwa, nasi tutayasoma mbele ya wote.

Wabillahi tawfiq.

Katibu